Robo Nne za Mashine ya Baba

Baba alifariki mashine ikinguruma. Tulikuwa tunasaga debe la mahindi la mteja. Nusu ilikuwa imeshashuka kwenye mfuko wa kitambaa, nusu bado iko juu kwenye bakuli la chuma. Akaniambia, "Shika hapa, kichwa kinazunguka," akaenda kukaa juu ya gunia karibu na mlango. Nikashika. Nilimaliza lile debe lote, nikafunga mfuko, nikaukung'uta, ndipo nikageuka kumtazama. Naandika hilo mwanzo kwa sababu hakuna anayeniuliza, na mambo mengine ya siku ile yameshaanza kunitoka.

Alituacha wanne. Wa kwanza ni kaka yetu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hata sisi wadogo zake tunamwita Mwalimu. Wa pili ni dada, fundi wa kushona. Mimi ni wa tatu. Wa mwisho ni dereva wa lori, tunamwita Kitinda tangu alipozaliwa, na sasa ana kitambi na watoto wawili bado ni Kitinda. Mama alitangulia siku nyingi.

Baba hakuacha nyumba. Chumba tulichokuwa tunalala yeye na mimi tulikuwa tumepanga. Alichoacha ni kiwanja kidogo kando ya barabara, chumba cha matofali chenye paa la bati, na ndani yake mashine ya kusaga: injini ya dizeli yenye gurudumu zito kama jiwe la msingi, na kinu chenyewe, vimeunganishwa kwa mkanda mrefu wa mpira. Miaka kumi na moja nilikuwa naye mle ndani. Wateja walikuwa wananiita Binti Mashine. Nilikuwa nikitoka jioni nyusi ni nyeupe, na mara nyingine wageni walinipisha kwenye benchi wakidhani ni bibi.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, tulikaa chumbani kwangu sisi wanne. Chai ilikuwa haijapoa Kitinda alipouliza.

"Sasa nani atasaga?"

"Mimi," nikasema. "Kama kawaida."

"Kawaida ya nani? Hiyo kawaida ilikuwa ya baba."

"Hakuna anayesema wewe ni mwizi, mdogo wangu," dada akaingilia. Dada akianza hivyo, ujue kinachofuata kinauma. "Ila asiyekuwepo hajui kilichoingia wala kilichotoka."

"Basi njoo ukae mlangoni uhesabu ndoo."

"Nina nguo za watu zimefika darini, nije kukaa mlangoni kwako?"

"Si kwangu."

"Ndiyo hapo sasa. Si kwako."

Mwalimu akainua kalamu, kama anavyofanya darasani kelele zikizidi. "Mpaka mirathi ifunguliwe mahakamani na msimamizi ateuliwe," akasema, "mashine isiguswe. Hiyo ndiyo haki kwa kila mtu."

"Isiguswe na nani?" Kitinda akacheka. "Ufunguo anao yeye, na analala hatua ishirini kutoka mlangoni. Sisi tukipanda gari tu, kesho asubuhi utasikia tuk-tuk-tuk."

"Tutatia kufuli jingine."

"Mwalimu, kufuli mimi nalifungua kwa msumari. Dereva yeyote wa lori anaweza."

"Kumbe ndivyo mnavyofanya huko," dada akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba tulicheka wote wanne. Nilifurahi. Nilidhani tumemaliza.

Kumbe kicheko kilimkumbusha Kitinda kitu. Alisema huko kwenye maegesho ya malori kuna watu wawili walionunua lori kwa ubia, na kwa kuwa hawaaminiani, jioni mmoja anaondoka na betri, mwingine anaondoka na usukani. "Lori linalala salama kabisa," akasema. "Hata mwizi akija atalia."

Mwalimu alilipenda wazo hilo. Kaka yangu anapenda chochote kinachogawanyika sawa. Alifungua daftari la mistari, akaandika tarehe, akapiga mstari chini yake kwa rula, akauliza mashine ina vitu gani ambavyo kikikosekana kimoja tu haisagi. Na wa kumjibu nilikuwa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua.

Nikamwambia. Kuna noseli, kile kijichuma kinachopuliza mafuta ndani ya injini, kinaenea kwenye kiganja. Kuna mkanda. Kuna chekeche, bati lenye matundu ambalo unga unapita. Na kuna hendeli, chuma kilichopinda cha kuzungushia gurudumu wakati wa kuwasha. Vinne. Sisi tuko wanne. Mwalimu akatabasamu kabisa, kama jibu la hesabu limetoka bila baki.

Tukaenda kwenye mashine. Nilizifungua nati kwa mikono yangu, wao wamesimama nyuma yangu. Noseli aliifunga Mwalimu kwenye leso. Chekeche akachukua dada. Kitinda akajivika mkanda begani kama askari. Hendeli ikabaki kwangu.

"Huyo mpeni kizito," Kitinda akasema, "asiweze kukimbia nacho."

Kabla hatujatia sahihi, akauliza swali lake la mwisho. "Na akienda kununua mkanda mwingine je?"

Mwalimu akaongeza mstari: hakuna mrithi atakayetoa wala kuongeza kitu chochote kwenye mashine mpaka mgawo utakapofanyika. Nikatia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono.

Siku za kwanza watu waliendelea kuja. Walikuwa wanafika na ndoo zao, wanachungulia, wananiona nimekaa, wananiambia pole, halafu wanabaki wamesimama kidogo, kama vile pole ikiisha nitanyanyuka niwashe. Nilikuwa nawaambia, "Bado mambo ya mirathi." Walikuwa wanatikisa kichwa na kuondoka upande wa chini, kwa mwenye mashine ya umeme. Huyo mtu jina lake hatulitumii, tunamwita Mwenye Umeme. Mashine yake haina moshi wala kelele. Baba alikuwa akimsalimia kwa heshima na kumsema akiondoka.

Injini ya dizeli isiyozungushwa inakamata. Ile pistoni ya ndani inashikana na ukuta wake kwa kutu, na ikishashikana hivyo unaweza kuita fundi wa dunia nzima. Hilo nilikuwa nalijua, na ndilo lililokuwa likinitoa kitandani. Kila asubuhi niliingia na hendeli yangu, nikazungusha gurudumu mara ishirini, nikafuta chuma kwa kitambaa chenye mafuta. Pale noseli ilipotoka palibaki tundu, nilipaziba kwa kitambaa kidogo. Nikizungusha, kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka. Kazi hiyo haikuwa inaniingizia kitu. Nilikuwa nafua nguo za watu mchana ili nile. Lakini mimi nilichotaka ni kimoja tu, na nilikisema kila nilipopewa nafasi: isage tena. Iwe yetu sote wanne, wagawane wanavyotaka, mimi wanipe fungu langu la mwisho kabisa. Isage.

Mahakamani tuliambiwa tulete cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, na sahihi za warithi wote. Cheti kilichukua miezi miwili. Muhtasari Mwalimu aliuandika upya mara tatu. Sahihi ndizo zilizotushinda. Mwalimu alitaka awe msimamizi, dada akasema hasaini, kwa sababu Mwalimu hata sukari ya msibani aliandika kwenye daftari. Dada alipolegea, Kitinda alikuwa safarini. Kitinda aliporudi, hakimu alikuwa likizo. Hakimu aliporudi, faili halikuonekana, na lilipoonekana lilikuwa na tarehe ya wiki iliyopita. Mimi sikukosa hata tarehe moja. Karani alinizoea, akawa ananiambia, "Mama Mirathi, leo pia hakuna kitu, nenda tu kapumzike."

Mwezi wa tisa tangu msiba nikaamua kuwapitia mmoja mmoja. Nilidhani nikiwaomba kila mtu peke yake, bila mwingine kusikia, itakuwa rahisi.

Kwa dada nililikuta chekeche uani, limefunika vifaranga.

"Mwewe," dada akasema kabla sijafungua mdomo. "Angewamaliza."

"Dada, hilo linapata kutu."

"Nalifuta." Hakuwa analifuta. Alikuwa anapima suruali ya mtu, pini zimejaa mdomoni, akaongea kupitia pembeni. "Mwambie kwanza Mwalimu alete noseli yake. Mimi siwezi kuwa wa kwanza kutoa halafu wao wakanicheka."

Kwa Mwalimu noseli ilikuwa kwenye droo ya meza, imefungwa kwa leso ileile, na juu yake kijikaratasi chenye namba moja. Aliifungua nikaiona. Harufu ya dizeli ikajaa kile chumba kidogo chenye madaftari ya wanafunzi. Kaka yangu akaitazama, na mimi nikamtazama yeye, nikaona midomo inacheza. "Nami namkumbuka, unajua," akasema. Nikadhani imekwisha, atanipa. Akaifunga tena polepole, kona kwa kona. "Dada akileta chekeche kwanza. Ukivunja makubaliano upande mmoja, yamevunjika yote."

Kitinda nilimpigia simu. "Mkanda? Mkanda unalala pazuri kuliko mimi, dada yangu. Usijali kabisa."

Nikarudi nikazungusha gurudumu.

Mwaka ulipoisha, Mwalimu akateuliwa msimamizi, na mahakama ikatamka kwamba kila mmoja wetu ana robo. Nilidhani sasa vitu vitarudi. Lakini siku hiyohiyo, kwenye veranda ya mahakama, Kitinda alikuwa amesimama mbali kidogo na sisi, na pembeni yake alikuwepo Mwenye Umeme, amevaa koti.

"Huyu amekuja kufanya nini?" dada akauliza.

Kitinda hakutazama mtu. "Nimemuuzia robo yangu."

Dada alimtukana tusi ambalo sitaliandika. Mwalimu akawa anafungua kurasa za daftari, anatafuta mahali ilipoandikwa kwamba huwezi kuuza. Haikuandikwa. Hakuna aliyefikiria.

"Mnataka nifanye nini?" Kitinda akasema. Sauti ilimpanda, watu wakageuka. "Lori nimenyang'anywa. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule. Robo ya kitu kisichosaga nitailaje? Nitailamba?"

Ndiyo maneno niliyokuwa nimeyasema mimi mwaka mzima, isipokuwa yeye aliyasema akiwa ameshauza.

Mwenye Umeme alitusalimia kwa adabu, mmoja mmoja, akaanzia kwa mkubwa. Akasema pole kwa msiba. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, anataka tu fungu lake, na kwa kuwa injini haiwezi kukatwa vipande vinne, ameomba mahakama iuze vyote kwa pamoja, kiwanja, chumba na chuma.

Baada ya tarehe kadhaa kuahirishwa, hakimu alisikiliza pande zote. Nami nilisimama, nikaongea nadhani kwa mara ya kwanza mbele ya watu wengi namna ile, nikasema mashine ni nzima, mimi naijua. Akanitazama juu ya miwani. Akasema mali inayoingiza kitu haina haraka ya kuuzwa, inaweza kuwekwa chini ya msimamizi na warithi wakagawana kinachopatikana. Mali iliyolala inauzwa. Akaagiza mthamini aende aone, na warithi wote walete walichochukua siku hiyo. Mthamini akikuta inasaga, ombi la kuuza litatupwa. Akikuta haisagi, mnada.

Sikulala vizuri wiki hiyo, lakini kwa furaha. Niliosha pipa la maji ya kupozea injini, nikaweka mafuta, nikapiga deki chumba kizima. Nilinunua mahindi kilo tano ya kumwonyesha mthamini.

Alikuja asubuhi, mwanamke mfupi mwenye faili na viatu vya kufunga, hakutaka kiti. "Nina sehemu nyingine mbili za kwenda," akasema. "Mimi nathamini ninachokiona siku ninayokuja."

Mwalimu alileta noseli. Dada alileta chekeche, amelisugua mpaka linang'aa, na hakuna aliyetaja vifaranga. Mwenye Umeme alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mkanda haukuwepo. Tulisubiri, mthamini anatazama saa. Niliweka noseli, nikakaza nati, nikatoa upepo kwenye bomba la mafuta, nikalifunga chekeche ndani ya kinu. Ilipofika karibu saa nzima Kitinda akatokea, amebeba gunia. Akaliweka chini, akarudi nyuma hatua mbili.

Ndani mlikuwa na vipande viwili vya mkanda, kila kimoja kirefu kama mkono wangu, na vina matundu ya bolti.

"Nilivifunga nyuma ya matairi ya lori, leo nimeenda kuviomba kwa mwenyewe," Kitinda akasema. "Tope lilikuwa linaruka sana barabarani, polisi wananisumbua. Nilisema nitanunua mwingine kabla hamjauulizia." Akanitazama mimi, si wengine. "Si unaunganisha tu, dada? Wewe fundi."

"Hauunganishiki," nikasema.

Nikaenda kwa Mwenye Umeme. Kila mtu pale alikuwa anajua kwamba kwenye mashine yake, mwendo wa dakika kumi, kuna mikanda imening'inia ukutani, na mmojawapo ni saizi yetu, kwa sababu zamani na yeye alikuwa na injini ya dizeli. Nikamwomba aniazime kwa robo saa. Nikamwambia nitaurudisha mbele ya macho yake.

"Ningekuazima, binti," akasema, na sidhani alikuwa na furaha kulisema. "Tena kwa moyo mmoja. Lakini sasa mimi ni mmoja wenu, na niliponunua nilionyeshwa makubaliano. Hakuna mrithi wa kutoa wala kuongeza kitu. Kaka mkubwa ndiye aliyeandika."

Wote tukamtazama Mwalimu. Daftari alikuwa nalo kwapani. Alilitoa, akalifungua ukurasa uleule wenye mstari wa rula, akasoma kimya. Nilimwona anasoma mara mbili.

"Kaka," nikasema. "Futa."

"Imetiwa sahihi."

"Sisi ndio tulioitia! Futa, kaka!"

"Nikifuta huu," akasema, na kalamu ilikuwa mkononi, "atasema mahakamani nimebadilisha makubaliano kwa kujipendelea, nami ndiye msimamizi." Akamgeukia mthamini kama mwanafunzi anayeomba kusaidiwa. "Sivyo?"

"Hayo ni yenu," mthamini akasema. "Mna kitu kingine cha kunionyesha?"

Basi nikachukua hendeli. Sikuwa na kingine. Injini haihitaji mkanda ili iwake, mkanda ni wa kuvuta kinu tu. Nilifungua kile kijiti cha juu kinachoachia pumzi, nikazungusha, nikazungusha mpaka gurudumu likachukua kasi yake lenyewe, nikakishusha. Ikakohoa mara moja. Ikakohoa tena. Halafu ikashika.

Mwaka na miezi minne, na ikashika. Moshi ulitoka mweusi, ukawa wa kijivu, ukawa safi. Bati la paa likaanza kutetemeka na vumbi likatumwagikia vichwani. Dada akajishika mdomo. Kitinda alikuwa analia wazi, hajifichi. Hata Mwalimu aliweka kiganja kwenye pipa la maji, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Na barabarani watu wakasikia. Sikufikiria hilo. Kwanza alikuja mama mmoja na beseni, akifunga kitenge huku anakimbia. Wakaja wawili na debe wamelishika huku na huku. Ndani ya dakika chache palikuwa na foleni mlangoni, ndoo na mifuko imepangwa chini kama zamani, watu wanasukumana na kutaniana, "Wewe jana ulikuwa kwa umeme, leo umetangulia mbele?" Mmoja akanipigia kelele juu ya ngurumo, "Binti Mashine! Anza na mimi, nimeacha chungu jikoni!"

Mthamini alisogea, akatazama injini, akatazama kinu kilichosimama tuli pembeni yake, akatazama nafasi iliyo wazi kati ya magurudumu mawili. Akaandika. Nilikuwa karibu, nikasoma: injini inawaka, kinu hakifanyi kazi, mashine haisagi.

"Dada, angalia watu," nikamwambia mthamini. "Waone tu hawa watu."

"Nimewaona, mama," akasema, kwa upole. "Lakini foleni si kazi iliyofanyika." Akafunga faili.

"Izime sasa," Mwalimu akasema. "Inakula mafuta."

Niliangalia kama kuna mwingine atakayeizima. Hakuna aliyejua jinsi. Nikaizima.

Kisha nikatoka kuwaambia watu. Walikasirika kidogo, si sana. Walibeba vitu vyao wakaelekea chini, na Mwenye Umeme akatembea pamoja nao, anamsaidia mmoja kubeba debe. Ndugu zangu nao wakaondoka, kila mtu kivyake. Vitu havikugawanywa tena, hakuna aliyekumbuka, noseli na chekeche vikabaki mahali pake.

Akabaki bibi mmoja anayekaa kwenye kona, macho yake yana ukungu, na ndoo yake imesimama katikati ya mlango.

"Bibi, haisagi."

"Inanguruma hivyo halafu haisagi? Mimi nimeziba masikio?"

"Imepungua kitu."

"Basi kitie." Akajishika kiuno, akajinyoosha. "Mimi sina haraka. Ndoo naiacha. Utanisagia ukimalizana na hao watu wako wa mafaili. Nimekula unga wa umeme mwaka mzima, kama vumbi la barabarani."

Akaondoka. Nilikaa na ile ndoo mpaka jua likageuka. Nilifikiria kumrudishia. Nilifika mpaka kwenye kona yake, nikamsikia ndani anamwambia mtu, "Mashine ya marehemu imefufuka, nimeisikia kwa masikio yangu," na nikageuza.

Nikaipeleka chini. Nilisimama kwenye foleni kama mtu yeyote, na zamu yangu ilipofika Mwenye Umeme alikuwa mwenyewe mlangoni. Akaiona ndoo, akaniona mimi, akataka kutania. "Mrithi mwenzangu halipi hapa." Nikalipa. Hakutania tena.

Jioni nilimpelekea bibi unga wake. Alichovya vidole, akausugua, akaunusa, akaweka kidogo ulimini. Nikasubiri nikiwa nimeshika fremu ya mlango.

"Huu ndio," akasema. "Huu ndio wa baba yako. Mtu hawezi kunidanganya kwa unga." Akanishika mkono kwa vidole vyeupe. "Mungu awape ndugu zako moyo kama wako."

Nilisema amina. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena, ameongozana na jirani yake, na ndoo zilikuwa mbili. Tangazo la mnada lilikuwa limeshabandikwa mlangoni kwa gundi, karatasi nyeupe yenye mhuri, lakini yeye haoni vizuri na jirani yake hasomi.

Nilizipokea zote mbili.